Kwa nini uso wa mtoto unatoka giza kwenye picha? Historia ya picha za familia, kutoka uani Chamazi

Hebu fungua simu yako sasa hivi utafute picha ya familia iliyopigwa mchana, nje ya nyumba. Siyo ya ukumbini, siyo ya studio. Ile ambayo watoto wamepangwa mbele, wakubwa nyuma, bibi kawekewa kiti katikati. Itazame vizuri. Kuna uwezekano mkubwa shati jeupe la shule linang'aa mpaka vifungo havionekani, huku macho ya mtoto yamezama kwenye vivuli viwili vyeusi. Na kuna mtu aliiona akasema, "Ah, huyu kaungua na jua," au "Kamera yenyewe mbovu."

Mtoto hana kosa, na mara nyingi hata kamera si mbovu. Kinachoonekana pale ni matokeo ya historia ya karibu miaka 190: historia ya jua, ya dawa zilizopakwa kwenye vioo na filamu, na ya watu walioamua uso wa nani uwe kipimo. Ukiielewa, utapiga picha nzuri zaidi Jumapili ijayo. Na pengine utaanza kuzithamini zile ulizonazo tayari.

Jua la kwetu

Tuanze na kitu ambacho hakijabadilika. Chamazi, kama sehemu nyingine za Temeke, iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Siku hizo, saa sita mchana na dakika kadhaa, nguzo ya umeme inakaribia kukosa kivuli. Hata miezi mingine jua la mchana linabaki juu sana.

Mwanga ukitoka juu, paji la uso linakuwa kama ukingo wa paa. Chini ya paji macho yanaingia kivulini, chini ya pua kunatokea kitu kama masharubu, na shingo inapotea. Jua la wazi la mchana linafika kiasi cha laksi 100,000, wakati kwenye kivuli cha wazi pembeni ya nyumba unaweza kupata kama 10,000. Tofauti ya mara kumi! Jicho lako linaizoea bila wewe kujua, kwa sababu ubongo unasaidia. Kamera inalazimika kuchagua: ihifadhi kilicho kwenye jua au kilicho kivulini.

Sasa ongeza shati jeupe. Kitambaa cheupe kinarudisha sehemu kubwa sana ya mwanga unaokipiga. Ngozi nyeusi inaweza kurudisha chini ya asilimia 15. Kipima mwanga cha kamera kwa kawaida hakijui shati ni nini wala uso ni nini. Kimetengenezwa kikidhani kwamba ukichanganya kila kitu mbele yake utapata kijivu cha katikati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18. Kikiona kanzu nyeupe, ukuta mweupe na anga, kinasema, "Mwanga umezidi," kinapunguza. Wa kwanza kuumia ni uso.

Jioni nako kuna jambo lake. Huku kwetu jua linashuka karibu wima, kama jiwe kisimani. Kutoka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hadi kuzama, linatumia kama dakika 40 tu. London mwezi Juni, kwa sababu jua linashuka kwa mshazari, safari hiyo hiyo inachukua zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo ukisoma kitabu cha upigaji picha kutoka Ulaya kinachokuambia "subiri jua la jioni, una muda wa kutosha," jua kwamba hakikuandikiwa Chamazi. Hapa ukienda kumtafuta mtoto wa tatu kwa jirani, ukirudi giza limeingia.

Mtoto asiyeweza kutulia

Mwaka 1839 Louis Daguerre alitangaza Paris njia yake ya kunasa picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Dunia ilishangaa, lakini kulikuwa na tatizo: bamba lilihitaji dakika kadhaa za mwanga mkali. Ndiyo maana Robert Cornelius wa Philadelphia, alipojipiga picha yake mwenyewe mwaka huo huo, alikwenda kukaa nje, nyuma ya duka la familia yake. Ni moja ya picha za mwanzo kabisa za uso wa mtu zilizobaki duniani, na ilipigwa nje. Sababu ilikuwa moja tu: jua lilikuwa ndiyo taa pekee yenye nguvu ya kutosha.

Mtu mzima aliweza kuvumilia. Walimwekea chuma cha kushikilia kichwa kwa nyuma, akatulia. Lakini mtoto wa mwaka mmoja? Wapiga picha wa Ulaya na Marekani walibuni mbinu ya ajabu. Mama alifunikwa shuka au zulia kama vile ni kiti, akampakata mtoto ili asitikisike. Picha hizo zipo mpaka leo. Unamwona mtoto kavaa vizuri, na nyuma yake "kiti" chenye mabega ya binadamu.

Mambo yalienda yakibadilika. Mwaka 1851 Frederick Scott Archer alitangaza njia ya vioo vyenye dawa mbichi, iliyopunguza kusubiri hadi sekunde. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza vioo vikavu vyenye jelatini, ambavyo baadaye viliboreshwa vikanasa picha kwa sehemu ya sekunde. Kufikia 1900 kampuni ya Kodak ilikuwa inauza kamera ya Brownie kwa dola moja ya Marekani, nyepesi na rahisi, ikitangazwa hata kwa watoto. Kwa mara ya kwanza mtoto aliweza kupigwa picha akikimbia.

Usidhani shida imeisha, lakini. Simu yako usiku inapokuambia "tulia kidogo," inakusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kuunganisha picha nyingi kuwa moja. Mtoto akigeuka, anatoka na masikio manne. Karibu miaka 190 baadaye, kanuni ni ile ile: mwanga kidogo unataka muda mrefu, na mtoto hana muda huo.

Vioo visivyoona wekundu

Hapa ndipo pananigusa zaidi, na ni jambo ambalo wengi hatufundishwi.

Dawa za picha za karne ya 19 zilikuwa na upofu wa aina yake. Zilihisi mwanga wa buluu na wa zambarau, lakini hazikuhisi wekundu kabisa. Anga la buluu lilitoka jeupe. Kitambaa chekundu kilitoka cheusi tii. Mwaka 1873 Hermann Vogel, mkemia wa Berlin, aligundua kwamba ukiongeza rangi fulani kwenye dawa inaanza kuhisi kijani pia. Vioo vinavyohisi rangi zote, pamoja na nyekundu, viliingia sokoni Uingereza mwaka 1906, na hata baada ya hapo ilichukua miaka mingi kabla havijawa kitu cha kawaida. Ule mwanga mwekundu unaouona kwenye filamu za sinema mtu akiwa chumba cha giza unatokana na jambo hilo hilo: karatasi ya picha haioni nyekundu, hivyo taa nyekundu haiiharibu.

Sasa fikiria ngozi ya kahawia. Melanini inameza mwanga wa buluu na zambarau zaidi kuliko mwekundu. Kwa maana hiyo, sehemu kubwa ya mwanga unaorudi kutoka kwenye uso wa Mswahili, Mmakonde au Mzaramo ni ule wa upande wa nyekundu, yaani ule ule ambao kioo hakikuwa na uwezo wa kuuona. Uso ulitoka mweusi kuliko ulivyokuwa, na mikunjo, tabasamu na wekundu wa midomo vilipotea humo. Kwa hiyo ukikuta picha ya miaka ya 1880 kutoka pwani yetu, usiseme haraka, "Wazee wetu walikuwa weusi kweli kweli." Unachokiona ni ngozi yao kwa macho ya kemia isiyokamilika.

Nani alipigwa, nani aliandikwa jina

Kamera ilifika pwani yetu mapema. James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Baadaye zikaja studio. A. C. Gomes na J. B. Coutinho, wote wenye asili ya Goa, walikuwa na studio Unguja kabla ya karne ya 19 kwisha, na picha zao zilisafiri duniani kama kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, ambayo mwanawe aliendelea nayo. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na familia za Waswahili, Waarabu na Wahindi zilipanga foleni kwake wakiwa wamevalia vizuri. Lamu, Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, alikata na kuunganisha picha hadi uso wa mtu ukachanua ndani ya ua.

Dar es Salaam, enzi za Wajerumani, Walther Dobbertin naye alikuwa na studio. Mwaka 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Ujerumani ilifungua sehemu ya hazina yake kwenye intaneti, zikiwamo picha zake nyingi. Ukizipitia, utaona jambo moja. Mzungu mara nyingi ana jina. Mwafrika mara nyingi ana kazi au kabila: askari, mpagazi, mwanamke wa mahali fulani. Mtoto ni "mtoto" tu. Picha ipo, sura ipo, lakini huwezi kumtafuta mjukuu wake.

Hapo ndipo tofauti ya picha ya familia inapoonekana. Kadi ya posta ilipigwa kwa ajili ya mtu wa mbali asiyekujua. Picha ya familia inapigwa kwa ajili ya watu watakaouliza, "Huyu ni nani?" na kuna mtu atakayejibu.

Shirley na chokoleti

Filamu ya rangi ilipoenea, upofu wa wekundu uliisha, ila ukaja mwingine. Maabara zilizosafisha picha zilihitaji kipimo cha kujua kama rangi zimekaa sawa. Kodak ikasambaza kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Wa kwanza aliitwa Shirley, na baada yake kadi zote zikaitwa hivyo. Fundi akiona ngozi ya Shirley imetoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Watu weusi wakipigwa pamoja na weupe katika picha moja, mara nyingi walibaki meno na macho.

Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliifuatilia historia hii, na alichokipata kinauma na kuchekesha. Wazazi wa watoto weusi walilalamikia picha za shule, lakini msukumo mkubwa wa kubadilisha filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao nao walitaka tofauti za kahawia zionekane kwenye matangazo yao. Yaani chokoleti ilisikilizwa kuliko mtoto. Inasimuliwa pia kwamba Jean-Luc Godard, mtengeneza sinema wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema inabagua.

Wapiga picha wa mtaani kwetu hawakuwa na kikao na Kodak. Walikuwa na mkanda wa picha 36 ulioagizwa kutoka nje, kwa hiyo kila kosa lilikuwa hela. Ndani ya boksi la filamu kulikuwa na vijichoro: jua kali, jua na wingu, kivuli. Vijichoro hivyo havikumtaja mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe. Walijifunza wenyewe: geuza mtoto upande huu, msogeze ukutani, subiri wingu, washa flashi hata kama ni mchana. Sikukuu ya Idi kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, mtoto kavalishwa miwani ya plastiki na suti inayombana, ndiyo ilikuwa mitihani yao. Picha ilisafishwa, ikaletwa nyumbani baada ya siku kadhaa, na mama alikagua kabla ya kulipa. Maarifa hayo hayakuandikwa kwenye jarida lolote la sayansi, lakini yalikuwa sayansi: walijaribu, wakaona matokeo, wakarekebisha.

Siku hizi kampuni zenyewe zimeanza kusogea. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba programu za kutambua jinsia ya mtu kwa kuchambua sura yake zilikosea mara nyingi zaidi kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kuliko kwa wanaume weupe. Mwaka 2021 Google ilileta marekebisho ya kamera ya simu yake kwa ajili ya ngozi za aina mbalimbali, na mwaka uliofuata ikatoa kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na Ellis Monk wa Harvard. Ni hatua. Lakini simu nyingi mikononi mwetu si hizo.

Kilicho nyuma ya watoto

Nimechagua Chamazi kwa sababu moja. Studio huweka pazia nyuma yako. Mombasa, kwenye mabanda ya wapiga picha karibu na kivuko cha Likoni miaka ya 1990, pazia lilikuwa na meli, ndege, majengo marefu: picha ilionyesha unakotamani kwenda. Picha ya uani inaonyesha mlipo. Tofali zisizopigwa lipu, mwembe, ndoo za maji, barabara ya vumbi inayoelekea Mbande.

Na Chamazi inabadilika haraka. Kizazi kimoja tu nyuma, sehemu kubwa ilikuwa mashamba. Mwishoni mwa miaka ya 2000, familia kutoka Kurasini zilizotakiwa kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga, zikanunua ekari 30 huku na kuanza kujenga. Kisha ukaja uwanja wa Azam, nyumba zikasogeleana. Mtu akitaka kuandika historia ya mtaa huu miaka 40 ijayo, atapata hati za viwanja. Lakini nani alipanda ule mti, maji yalichotwa wapi, ukuta wa jirani ulijengwa lini, hayo atayakuta nyuma ya watoto waliosimama kupigwa picha ya Idi, Krismasi au siku ya kwanza ya shule. Kama picha zipo, na kama uso unaonekana.

Kwa hiyo fanya hivi

Kwanza, acha saa sita. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni, na familia iwe tayari mapema.

Pili, kama ni lazima mchana, tumia kivuli cha wazi: kibarazani au upande wa nyumba usio na jua, nyuso zikitazama kwenye mwanga. Chini ya mwembe angalia yale madoa ya mviringo ya jua. Kila doa ni picha ya jua lenyewe, inayopita kwenye upenyo kati ya majani kama kwenye kamera ya tundu. Ibn al-Haytham alichunguza jambo hili miaka elfu moja iliyopita. Ni somo zuri kwa mtoto, lakini doa likitua puani linaharibu picha. Msogeze.

Tatu, gusa uso wa mtu mweusi kuliko wote kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo. Anga likififia, acha lififie. Hukumpiga anga picha.

Nne, ardhi ya mchanga mweupe inarudisha mwanga juu, chini ya kidevu na machoni. Kama hamna, tandika shuka jeupe mbele yao, nje ya picha. Wewe chuchumaa, uwe sawa na macho ya mtoto.

Tano, na hii ndiyo kubwa: chapisha angalau picha moja kwa mwaka, na nyuma yake andika majina yote, mahali na tarehe kwa penseli. Simu inaibiwa, inaingia maji, akaunti inasahaulika nywila. Na kabla hujamrusha mtoto wa mwenzio mtandaoni, muulize mzazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo si adabu peke yake.

Kuna maelfu ya watoto wa pwani hii kwenye hifadhi za Ulaya, wamesimama juani, wametulia kama walivyoambiwa, hawana majina. Wa kwetu tunawajua majina yao. Andika.